Wengu, damu na hesabu ya siku: namna maabara inavyothibitisha homa ya nguruwe

(Hotuba kwa wafugaji wa nguruwe, wauzaji wa nyama na wahudumu wa mifugo, Bukavu)

Mama na papa wafugaji, wahudumu wa mifugo mliotoka Kabare, Walungu na Uvira, wauzaji wa nyama wa Kadutu na Nyawera, vijana wa vyuo: karibuni, na asanteni kwa kuacha kazi zenu.

Nimeombwa niseme juu ya vipimo, lakini najua wengi mmekuja mkitafuta dawa. Basi tuanze na hilo. Homa ya nguruwe ya Afrika, hii ambayo hapa wengi huiita pesti, haina dawa. Penisilini haiigusi, wala oksitetra haiigusi. Chanjo nayo isiwape matumaini ya haraka. Vietnam iliruhusu chanjo mwaka 2022, ila ilitengenezwa kutokana na kirusi cha aina ya II, ile iliyoingia Georgia mwaka 2007, ikasambaa Ulaya Mashariki na kufika China mwaka 2018. Huku Kivu Kusini virusi vilivyochunguzwa vimekuwa vya aina ya IX na ya X. Chanjo ya aina moja haina ahadi yoyote kwa aina nyingine. Kwa hiyo kilichobaki mikononi mwetu ni kujua mapema na kufunga njia za ugonjwa. Na kujua kunapitia maabara.

Kuna anayejiuliza: maabara ya nini, wakati nguruwe ameshageuka mwekundu masikioni na tumboni, hali chakula, anatapika, anahara damu, na siku ya tano amekufa? Kila mtu hapa ataitamka pesti. Mara nyingi atakuwa sahihi. Lakini alama hizohizo huletwa na kirusi kingine kabisa, cha homa ya nguruwe ya kawaida, ambacho hakina undugu wowote na hiki chetu. Huletwa pia na bakteria wa ruje, na salmonela inapoingia kwenye damu. Tripanosoma wanaoenezwa na mbung'o nao huua nguruwe upesi hivyohivyo. Hata sumu ya panya inayozuia damu kuganda hutoa madoadoa ya damu chini ya ngozi na kwenye figo.

Tazameni sasa hasara ilipo. Ruje inatibika kwa penisilini ya bei ndogo. Ukichinja banda zima kwa hofu ya pesti kumbe ni ruje, umewamaliza nguruwe ambao wangepona. Kinyume chake ndicho kibaya zaidi: ukidhani ni ruje, ukashika sindano moja na kuwapitia nguruwe wote kumi, kumbe ni pesti, sindano hiyo imetoa damu ya mgonjwa na kuwapelekea tisa waliokuwa wazima. Nimeona mabanda ambako kifo kilifuata njia ileile aliyopita mchomaji sindano.

Mwaka 1921, mtafiti Montgomery alipochapisha maelezo ya ugonjwa huu kutoka Kenya, jambo lililomsumbua lilikuwa hilihili: walowezi walidhani ni homa ileile ya nguruwe waliyoijua Ulaya. Alionyesha kwamba nguruwe mwenye kinga dhidi ya homa ile ya Ulaya bado hufa kwa hii ya Afrika. Na kwa miaka mingi kipimo kilikuwa nguruwe mwenyewe. Unachukua damu ya mgonjwa, unawachoma nguruwe wawili, mmoja amechanjwa dhidi ya homa ya kawaida na mwingine hajachanjwa. Wakifa wote wawili, ni ya Afrika. Kipimo cha kikatili, kinakula wanyama na wiki nzima, lakini kilisema kweli.

Mwaka 1960 watafiti Malmquist na Hay wakaleta njia ya kutumia seli badala ya mnyama. Seli nyeupe za damu ya nguruwe hukuzwa kwenye vyombo vya maabara, kisha hutiwa sampuli inayoshukiwa. Kirusi kikiwamo, chembe nyekundu za damu hujipanga na kunata kuzunguka seli iliyoambukizwa, kama petali za ua. Ukiona ua hilo kwenye hadubini, huna haja ya kubishana na mtu, kwa sababu homa ya kawaida haifanyi hivyo. Njia hii ingali inaheshimiwa kwenye maabara kubwa duniani, hasa wanapothibitisha mlipuko wa kwanza katika nchi. Kwetu ina vikwazo. Inataka seli mbichi kutoka kwa nguruwe mzima asiye na ugonjwa, inataka kirusi kilicho hai, jibu lake huchukua siku kadhaa, na maabara lazima iwe imefungwa barabara ili kirusi kisitoke nje. Tena kuna virusi wachache wa homa hii ambao hawatengenezi ua hilo hata kama wapo.

Kipimo kingine cha zamani kidogo ni cha kingamwili (askari wa mwili dhidi ya ugonjwa) zinazong'aa. Unakata kipande chembamba cha wengu, au unapaka alama yake kwenye kioo, unaweka kingamwili zilizotiwa rangi inayowaka chini ya mwanga maalumu, unaangalia. Jibu linapatikana kwa saa chache. Kwa nguruwe aliyekufa haraka, ni kipimo kizuri. Kwa nguruwe aliyeugua muda mrefu kinadanganya, kwa sababu mwili wake umeshatengeneza kingamwili zake ambazo zimekwisha kukikamata kirusi, na zile zetu zenye rangi hazipati pa kushika.

Hapo ndipo neno langu kubwa la leo lilipo. Hakuna kipimo kimoja cha pesti. Kipimo sahihi kinategemea nguruwe yuko siku ya ngapi ya ugonjwa, na anayejua siku hiyo si mtu wa maabara. Ni mwenye banda. Sampuli ikifika bila tarehe ya kuanza homa, hata mashine ya bei kubwa inaweza kutoa jibu ambalo hakuna mtu anaweza kulisoma vizuri.

Nieleze kwa nini. Kirusi huingia, na kwa siku chache kinajaa kwenye damu, kwenye wengu, kwenye tezi. Wakati huo joto la nguruwe linapanda hadi nyuzi 41, pengine 42. Kingamwili hazijaanza bado. Zinaonekana kuanzia kama siku ya 7 hadi ya 10 baada ya kuambukizwa. Nguruwe wetu wengi hufa kabla ya hapo. Kwa hiyo mtu akichukua seramu (maji ya damu yanayobaki damu ikiganda) ya nguruwe aliyekufa siku ya sita, akapima kingamwili, akakuta hakuna, halafu akaandika «hakuna pesti», ameandika uongo kwa kutumia kipimo kizima kisicho na kasoro. Jibu hilo lina maana moja tu: nguruwe alikufa kabla mwili wake haujajibu.

Kipimo cha siku hizo za mwanzo ni PCR. Tangu miaka ya korona kila mtu hapa mjini ameisikia PCR, wengine waliilipia ili wasafiri. Ni ileile. Tunachukua damu au kipande cha wengu, tunatenga vinasaba vyake, tunaweka viungo vinavyotafuta sehemu moja ya jeni ya kirusi, mara nyingi ile inayobeba protini inayoitwa p72. Mashine inapasha hadi kama nyuzi 95, inapoza, inapasha tena, mizunguko 40 hivi. Kila mzunguko, sehemu ile ikiwamo inakuwa maradufu. Kipande kimoja tu, baada ya mizunguko 30, kinapita bilioni moja. Ndiyo maana hata kirusi kichache kinaonekana.

Kirusi cha homa ya Afrika kina DNA. Cha homa ya kawaida kina RNA, nayo haipimwi hivihivi, lazima kwanza igeuzwe kuwa DNA. Kwa hiyo vijana, maabara ikiwaambia «tumepima homa ya nguruwe», ulizeni ni ipi. Jibu la moja halijibu la pili. Na kabla ya kuamini jibu lolote la PCR, ulizeni waliweka nini pembeni: sampuli inayojulikana ina kirusi, sampuli inayojulikana haina, na kipimo cha ndani kinachoonyesha kwamba vinasaba vya nguruwe mwenyewe vilitoka. Kama hata vinasaba vya nguruwe havikuonekana, kule kutoonekana kwa kirusi hakuna maana. Pengine sampuli iliharibika, au kuna kitu kilizuia. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye mrija wa kijani, huzuia. Ndiyo sababu tunawaomba damu kwenye mrija wenye kifuniko cha zambarau, wa EDTA, wala si ule wa kijani.

PCR ina faida nyingine kwa watu wa milimani kama sisi. Inatafuta vinasaba, haihitaji kirusi kilicho hai. Wengu ulioanza kuoza bado unasema. Mzoga ulioachwa siku kadhaa kichakani, ukivunja mfupa mrefu ukatoa uboho wake, bado unaweza kusema. Ila kwa sababu hiyohiyo PCR haiwezi kukuambia kama kirusi kilichoonekana bado kinaweza kuambukiza.

Kingamwili zina kazi yake, tena kubwa. Nguruwe aliyekonda, mwenye vidonda ngozini na viungo vilivyovimba, anakohoa, amekaa hivyo mwezi mzima hafi wala haponi: huyo apimwe vyote viwili, PCR na ELISA, kipimo cha kutafuta kingamwili kwenye seramu. Kirusi kwenye damu yake huenda kimepungua au kinatokea na kupotea, lakini kingamwili ni nyayo zilizobaki njiani baada ya mnyama kupita. Na kwa kuwa hapa hatuchanji dhidi ya pesti, kingamwili ikionekana haina maelezo mengine: nguruwe huyo alikutana na kirusi. Ila ELISA ni ya kuchuja. Seramu iliyochanganyika na damu iliyovunjika, au iliyokaa juani kwenye pikipiki kutoka Walungu, inaweza kutoa jibu la ndiyo ambalo si ndiyo. Kwa hiyo sampuli yenye shaka huthibitishwa kwa njia ya pili, kama ile ya kutenganisha protini kwenye karatasi au ya kutumia seli zilizoambukizwa. Wanafunzi msitafute kipimo cha kingamwili zinazozuia kirusi kisiingie kwenye seli, kama mnavyokisoma kwa magonjwa mengine. Kwa ugonjwa huu kingamwili za namna hiyo hazitoshi kuwa kipimo, na ndilo moja ya mambo yaliyochelewesha chanjo.

Vipo vile vipimo vya ukanda, vya dakika chache. Watu wanavipenda, nami sivichukii. Nguruwe wanakufa, ukanda unaonyesha mstari: amini, funga banda, huku sampuli ikienda maabara. Ukanda haukuonyesha kitu, na nguruwe wanakufa: usiuamini. Kirusi lazima kiwe kingi sana ndipo ukanda ukione.

Sasa sampuli yenyewe. Msituletee damu ya nguruwe mzuri aliyenenepa eti kwa sababu ndiye aliyekuwa rahisi kushika. Tunataka wenye homa, wanaokataa chakula, na aliyekufa leo. Kwa mgonjwa aliye hai: mrija wa zambarau, na mrija mwekundu kwa ajili ya seramu. Mrija mwekundu uachwe utulie damu igande, seramu itenganishwe, isigandishwe ikiwa bado imechanganyika na damu. Kwa aliyekufa: wengu kwanza, kisha tezi za karibu na tumbo na figo, kisha mapafu, figo, findo. Wengu wa pesti kali mtautambua. Umevimba mara kadhaa, mweusi, unavunjika mkononi kama ini lililoiva. Tezi zimekuwa kama donge la damu. Lakini bado hiyo ni shaka kubwa, haijawa uthibitisho.

Na hapa niseme wazi: si kila mtu apasue mzoga. Damu inayomwagika ardhini ndiyo inayobeba ugonjwa kwenda banda la jirani, kwenye viatu, kwenye mbwa, kwenye ndoo. Kirusi hiki kwenye damu iliyohifadhiwa kwenye baridi kimedumu miezi 18. Kama hakuna mhudumu aliyefunzwa, chukueni tu damu ya mgonjwa aliye hai, au damu ya mzoga kwenye karatasi ya kichujio. Tone likikauka kwenye karatasi halihitaji barafu, na maabara italipima.

Barafu ndiyo shida yetu, mnaijua. Umeme unakatika, jokofu linapata joto, na anayesafirisha anaambiwa asubiri gari lijae. Panapokuwa na sanduku la barafu, nyuzi 4 zinatosha. Pasipokuwapo, vipande vya wengu kwenye gliserini iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya chumvi ya dawa vinavumilia safari. Fungeni mara tatu: mrija ndani ya mfuko au kopo lisilovuja lenye kitambaa cha kunyonya, kopo ndani ya boksi gumu, na juu ya boksi alama ya UN3373, ya sampuli za magonjwa, inayojulikana na mashirika yote ya ndege. Kuvusha sampuli mpaka wa Ruzizi kwenye mfuko wa koti, bila kibali, hapana. Ikipasuka, tumepeleka ugonjwa kwa majirani kwa mikono yetu.

Karatasi iandikwe kwa penseli au wino usiofutika: kijiji, mwenye nguruwe, wapo wangapi, wameugua wangapi, wamekufa wangapi, homa ilianza lini, sampuli imetolewa lini. Halafu maswali mawili ambayo watu huyaona aibu: hivi karibuni umenunua nguruwe, au umekopesha dume? Na unawalisha mabaki ya nganda (baa) na mikahawa? Machicha ya kiwanda cha bia hayana neno. Mabaki yenye vipande vya nyama ya nguruwe ndiyo mlango. Kusini mwa bara hili wana habari ya ngiri na papasi wanaoishi kwenye mashimo yao, na kirusi hiki kweli kinakaa ndani ya papasi miaka. Kwetu milimani, njia ninayoiona mbele ya macho ni nguruwe anayebebwa kwenye pikipiki na nyama ya mgonjwa inayouzwa upesi kabla watu hawajauliza.

Sampuli zinakwenda wapi? Maabara ya taifa ya mifugo iko Kinshasa, na Kinshasa tunafika kwa ndege. Utafiti wa vyuo vya hapa umesaidia sana. Hizo aina za IX na X tunazijua kwa sababu hiyo. Na duniani zipo maabara za rejea, Onderstepoort ya Afrika Kusini, Pirbright ya Uingereza, na ile ya Madrid, ambazo hupokea sampuli ngumu na kusoma jeni ili ijulikane kirusi kinatoka tawi gani. Kazi ya mashine yenyewe haifiki nusu siku. Siku nyingine zote zinaliwa na njia.

Na zinaliwa na kimya. Mfugaji ametoa damu ya nguruwe wake, amejaza karatasi, amesubiri, hakuna aliyemrudishia neno. Mwezi unaofuata, ugonjwa ukirudi, anafanya nini? Anauza. Mimi simlaumu sana. Hakuna fidia inayomngoja, ada ya shule inamngoja. Lakini nasema kwa wenzangu wa maabara waliokaa hapa: jibu lisilomfikia mwenye banda halijawa jibu. Simu moja inatosha, hata kama ni ya kusema «sampuli iliharibika, tuletee nyingine».

Wakati wa kusubiri, banda linafungwa. Haingii nguruwe, hatoki nguruwe, haiuzwi nyama. Wauzaji wa Kadutu, najua swali lenu: mtu akila anaugua? Hapana, homa hii haimpati binadamu. Lakini maji mliyooshea nyama na mifupa mliyotupa vinawapata nguruwe wa jirani. Anayelazimika kulisha mabaki, kiwango cha kimataifa ni kuchemsha nyuzi 90 kwa saa nzima huku unakoroga, na nyie mnajua bei ya makaa. Kwa hiyo ni afadhali kuacha. Banda lioshwe kwanza kwa maji na sabuni hadi kinyesi kiishe, kwa sababu javeli (dawa ya klorini) iliyomwagwa juu ya mavi haiui kitu. Kisha javeli yenye nguvu, au soda kali gramu 8 kwa lita, vikae nusu saa. Glavu zivaliwe na macho yafunikwe. Soda hiyo inaunguza.

Kuanza upya kunahitaji maabara vilevile, na hapa ndipo watu wengi wanapoharakisha. Baada ya kusafisha, banda likae tupu siku zisizopungua 40. Kisha leteni nguruwe wawili au watatu tu, kutoka mahali panapojulikana, wakae kama wiki sita, kila siku waangaliwe, joto lipimwe. Wakiendelea vizuri, tuchukue seramu yao tupime kingamwili. Ikirudi safi, jazeni banda.

Mirija ya zambarau na ya nyekundu iko kwenye meza ya nyuma, pamoja na karatasi za kichujio. Wahudumu wabaki baada ya maswali tufanye mazoezi ya kutoa damu kwenye mshipa wa shingo. Nguruwe wa mazoezi wamekwisha kufika.